Tiketi Ni Kiti Tu

Mtu akikuambia anakwenda Boston kutazama Kombe la Dunia la 2026, mwulize kwanza: Boston ipi? Uwanja uliopewa jina la Boston upo Foxborough, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 45 kutoka katikati ya jiji lenyewe. Wa Dallas upo Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth. Wa San Francisco upo Santa Clara, na anayelala San Francisco ana safari ya zaidi ya kilomita 60 kabla hajaliona geti. Wa Los Angeles upo Inglewood, wa Miami upo Miami Gardens, na ule wa fainali, uliopewa New York na New Jersey kwa mpigo, upo East Rutherford, ng'ambo ya Mto Hudson, katika jimbo jingine kabisa. Wala si tabia ya Wamarekani peke yao. Huko Mexico, uwanja wa Monterrey upo manispaa ya Guadalupe, na wa Guadalajara upo Zapopan.

Halafu kuna jina. Mkazi wa Arlington ukimwuliza njia ya kwenda "Dallas Stadium" anaweza kukutumbulia macho, maana miaka yote anaujua kama AT&T Stadium. FIFA huvua viwanja majina ya kampuni zilizolipia majina hayo, ili wadhamini wake wasipambane na mtu mwingine. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, nayo ni hivyo hivyo: kwenye Euro 2024, mashindano yake ya mataifa, Allianz Arena iligeuka Munich Football Arena kwa mwezi mmoja, kisha ikarudishiwa jina lake. Kwa hiyo uwanja mmoja una majina mawili: moja liko kwenye tiketi, jingine wanalo madereva. Andika yote mawili kwenye karatasi kabla hujaondoka.

Nimeanza na majina kwa sababu yanafichua jambo ambalo wageni wengi huligundua wakiwa wameshachelewa: wakati wa mashindano, jiji mwenyeji halina mwenyewe mmoja. Yupo mwenye mechi, ambaye ni shirikisho la soka. Yupo mwenye nchi, ambaye ni serikali na idara yake ya uhamiaji. Yupo mwenye kitanda, yupo mwenye treni, na yupo mwenye geti. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa wenyeji ni watano, na kila mmoja anataka kupona kivyake. Tiketi uliyonunua inakujulisha kwa mmoja tu kati yao. Inakupa kiti. Kufika kwenye hicho kiti ni mazungumzo yako na wale wanne waliobaki, na wao wenyewe kwa wenyewe hawazungumzi sana.

Kosa la kudhani tiketi inafungua mpaka lina historia yake. Urusi 2018 ilitoa kitambulisho cha mashabiki kilichoitwa Fan ID. Ukiwa nacho pamoja na tiketi, uliingia nchini bila visa na ukapanda bure treni maalumu za kati ya miji ya mashindano. Qatar 2022 ikaja na Hayya, kadi iliyokuwa ruhusa ya kuingia nchini, kuingia uwanjani na kupanda metro bila nauli. Mashindano mawili mfululizo yakawazoesha watu kwamba ukishapata tiketi, mengine yatajipanga. Hizo zilikuwa hisani za serikali mbili zilizotaka wageni kwa udi na uvumba. Soka halina sheria inayoilazimu nchi yoyote kufanya hivyo.

Mwaka 2026 unaonyesha upande wa pili. Wenyeji ni nchi tatu, Marekani, Canada na Mexico, na hakuna kadi moja inayokupitisha kote. Kila nchi ina sheria zake za kuingia. Marekani ilianzisha utaratibu uitwao FIFA PASS, lakini usome vizuri unachotoa: unamsaidia mwenye tiketi kupata mapema tarehe ya mahojiano ubalozini. Hauahidi visa. Ofisa akiona sababu ya kukukatalia, atakukatalia na tiketi yako mkononi. Wapo pia ambao hata foleni hiyo haiwahusu. Amri ya rais wa Marekani ya Juni 2025 ilifunga mlango kwa raia wa nchi kadhaa, zikiwamo Iran na Haiti, nchi mbili zilizofuzu. Wachezaji, makocha na watu wa msafara waliachiwa upenyo. Shabiki wa kawaida hakuachiwa.

Na hata aliyepata visa ahesabu ni ya kuingia mara ngapi. Ukitazama mechi Seattle, ukavuka kwenda Vancouver, kisha ukataka kurudi Seattle kwa mechi ya tatu, kwa macho ya uhamiaji umeondoka na unaomba kuingia upya. Ruhusa ya kuingia mara moja inaweza kuishia hapo mpakani. Ndivyo visa inavyozaa visa.

Sasa tuje kwenye ratiba, sehemu inayowachanganya hata watu wanaojua soka. Tiketi ya hatua ya makundi ni rahisi: droo ikishafanyika, unajua nani anacheza na nani, wapi, lini. Ya mtoano ni kitu tofauti. Unanunua namba ya mechi katika jiji fulani, na timu zitakuja kujaza nafasi baadaye. Kwenye mashindano ya timu 32 jambo hili lilikuwa linatabirika, kwa sababu wa kwanza na wa pili wa kila kundi walikuwa na njia zilizochorwa tayari. Kwa timu 48 hesabu imebadilika. Makundi ni 12, wanapita wawili wa kila kundi, jumla 24, kisha wanaongezwa washindi wa tatu wanane walio bora ili zifike 32. Wanane kati ya kumi na wawili. Njia za kuwapata hao wanane ni 495, na kanuni za mashindano zina jedwali linaloonyesha, kwa kila moja ya njia hizo, nani atakutana na nani. Maana yake kwa msafiri ni hii: timu yako ikimaliza ya tatu, jiji itakakokwenda linaweza kuamuliwa na bao la dakika za majeruhi kwenye kundi ambalo wewe hukuwa hata na habari nalo. Makundi yanamalizika tarehe 27 Juni, mtoano unaanza kesho yake. Utakata tiketi ya ndege saa ngapi, na kwa bei gani?

Ukubwa wa ramani ndio unaoamua kama swali hilo ni dogo au kubwa. Qatar, viwanja vinane vyote vilikuwa ndani ya eneo ambalo ungelivuka kwa gari kwa saa moja na kitu, na watu walitazama mechi mbili kwa siku moja. Kufuata timu kulimaanisha kubadilisha treni. Vancouver hadi Miami ni takriban kilomita 4,500. Anayesema anafuata timu kwenye ramani ya namna hiyo anapaswa kujua amejiandikisha kwenye biashara ya usafiri wa anga.

Mimi ningechagua jiji, si timu. Najua kuna watakaoniona sina mapenzi ya kweli, lakini hesabu iko upande wangu. Jiji moja linakupa mechi nne, tano, pengine zaidi, kitanda kile kile na njia ile ile ya kwenda uwanjani. Mechi ya kwanza utapotea kidogo. Ya pili utajua geti lipi lina foleni fupi. Ya tatu utakuwa unawaelekeza wengine.

Bei ya tiketi nayo ina mwendo wake. FIFA ilipotangaza bei za kuanzia za 2026, zilikuwa kati ya dola 60 na dola 6,730, lakini kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia bei hizo ziliruhusiwa kupanda na kushuka kulingana na idadi ya wanaotaka, kama za ndege. Kuna pia soko lake rasmi la kuuziana tiketi, ambako mnunuzi anakatwa asilimia 15 na muuzaji naye asilimia 15. Tiketi ikibadilishana mikono kwa dola 200, mnunuzi anatoa 230, muuzaji anapokea 170, na 60 zinabaki kwa mwenye soko. Walanguzi wa zamani, wale wa kunong'onezana nje ya geti, wangevua kofia. Hata hivyo nunua humo humo. Tiketi siku hizi ziko kwenye simu, na zinahamishwa kupitia programu rasmi tu. Anayekutumia picha ya tiketi amekutumia picha. Jambo dogo lakini lenye machozi mengi: simu iliyoisha chaji haina tiketi.

Kuhusu vitanda, watu hushtushwa na bei za mwanzo na kulipa kwa hofu. Kinachotokea ni kwamba waandaaji na mawakala wao hushika vyumba kwa wingi miaka kadhaa kabla, kwa ajili ya timu, waamuzi, wadhamini, waandishi wa habari na wateja wa vifurushi vya kifahari. Soko linaonekana tupu, na vichache vilivyobaki vinapanda bei. Baadaye, visivyohitajika vinarudishwa. Afrika Kusini 2010 ndivyo ilivyokuwa: wakala wa malazi alirudisha vyumba vingi sokoni kabla ya mashindano kuanza, na waliolipa mapema kwa woga wakabaki kujilaumu. Hiyo haimaanishi ukae tu ukisubiri. Maana yake ni kwamba chumba unachoweza kukifuta bila kukatwa ni bora kuliko cha bei nafuu kidogo ambacho huwezi kukifuta, kwa sababu kinakupa nafasi ya kubadilisha mawazo vyumba vikirudi. Qatar palikuwa na suluhisho jingine: maelfu walilala Dubai na miji mingine ya Ghuba, wakaruka asubuhi, wakatazama mechi, wakarudi usiku.

Na usishindane kulala karibu na uwanja. Viwanja vikubwa, kama tulivyoona, mara nyingi viko nje ya mji, vimezungukwa na maegesho na barabara kuu. Lala kwenye njia ya treni inayokwenda huko, ikiwezekana kituo kimoja kabla ya kile kinachojaa. Kilomita hazisemi chochote. Uliza dakika, na uliza dakika za saa sita usiku.

Hapo tumefika kwa mwenye treni, na nitakaa naye kidogo, kwa sababu siku nyingi za mechi huharibikia kwake. Watu hufika uwanjani kidogo kidogo, wengine saa nne kabla, wengine wimbo wa taifa ukiimbwa. Wanatoka kwa pamoja. Chukua uwanja wa watu 80,000 na useme nusu yao wamekuja kwa treni. Kama kila treni inabeba watu 1,500 na inaondoka kila baada ya dakika tano, ambao ni mwendo mzuri sana, kwa saa moja zinaondoka na watu 18,000. Wale 40,000 watahitaji zaidi ya saa mbili. Hakuna aliyezembea hapo, ni hesabu tu. Ndiyo maana uwanja wa Wembley, London, hutumia vibao vya kusimama na kuendelea, kundi moja likiachiwa kwenda kituoni na jingine likizuiwa. Mgeni hudhani ni polisi wanasumbua. Kumbe wanalinda jukwaa la treni lisifurike watu wakaanguka kwenye reli.

Hesabu ikifanywa vibaya, matokeo yanaonekana usiku huo huo. Gelsenkirchen, Ujerumani, ni mji wa watu wapatao 260,000, na tarehe 16 Juni 2024 ulipokea mechi ya Serbia na Uingereza kwenye Euro. Tramu ndiyo iliyokuwa mshipa mkuu kati ya uwanja na kituo kikuu cha reli. Mashabiki wakakwama, wengine kwa saa nyingi, wengine wakaamua kutembea gizani. Nchi yenye sifa ya reli! East Rutherford nako wana kumbukumbu yao: kwenye fainali ya soka ya Kimarekani ya Februari 2014 walihimiza watu waache magari, watu wakatii kupita kiasi, waliopanda treni wakawa kama mara mbili ya waliotarajiwa, na kituo kikajaa hadi waliokuwa uwanjani wakaombwa wabaki huko huko kwanza.

Arlington ni hadithi ya aina nyingine. Ni mji wa watu karibu laki nne usio na treni ya mjini wala mtandao wa kawaida wa mabasi ya umma, kwa hiyo usafiri wa kuwatoa mashabiki kituo cha reli kilicho jirani hadi uwanjani ni wa kuundwa kwa ajili ya siku hizo tu. Kitu cha muda kama hicho hakimo kwenye ramani ya simu yako. Kimo kwenye ukurasa wa kamati ya jiji mwenyeji, na hubadilika. Ujerumani, pamoja na aibu ya Gelsenkirchen, ilifanya jambo moja la kuigwa: mwaka 2006 tiketi ya mechi ilikuwa pia nauli ya usafiri wa mjini, na Euro 2024 ikampa mwenye tiketi saa 36 za kupanda bila kulipa. Sehemu nyingi hawafanyi hivyo. Angalia kabla hujapanda ukaonyesha tiketi ya mechi kwa mkaguzi asiyetaka utani.

Mwenye geti ndiye asiyefaa kuchezewa. Tarehe 24 Januari 2022, kwenye uwanja wa Olembe jijini Yaoundé, watu wanane walikufa kwenye msukumano kabla ya mechi ya Cameroon na Comoros. Rais wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, Patrice Motsepe, alisema geti lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Miezi sita hivi kabla ya hapo, fainali ya Euro pale Wembley, watu takriban 2,000 wasio na tiketi walivunja na kuingia, na waliolipa wakakuta viti vyao vina wenyewe. Matukio hayo yanafanana kwa jambo moja: watu wengi mno mbele ya milango. Umati unapopita watu wanne au watano kwenye mita moja ya mraba, mtu haendi tena anakotaka, anakwenda anakosukumwa. Kwa hiyo geti lililoandikwa kwenye tiketi lifuate hilo hilo hata kama lipo mbali na ulipo, na ufike mapema mno hadi uone aibu kidogo. Ukihisi mikono yako haiwezi kuinuka, toka kwa pembeni, usirudi nyuma dhidi ya wanaokuja.

Mambo ya mifuko ni ya kuchosha lakini yanarudisha watu hotelini. Viwanja vingi vya Marekani vinakubali mfuko angavu tu, ule unaoonyesha kila kilichomo, wa kama sentimita 30 kwa 30 kwa 15. Begi lako la mgongoni halitaingia, na si lazima pawepo pa kulihifadhi.

Kuna kanda nyingine ambayo haina ukuta ila ipo: eneo la biashara kuzunguka uwanja, ambako wenye haki ni wadhamini. Afrika Kusini 2010, wauza chakula wa barabarani waliondolewa karibu na viwanja. Mwaka huo huo, wanawake 36 waliovaa magauni ya rangi ya chungwa walitolewa nje kwenye mechi ya Uholanzi na Denmark, kwa madai kwamba magauni yalikuwa tangazo la kificho la bia isiyo ya mdhamini. Huko Salvador, Brazil, wanawake wanaouza acarajé, maandazi ya kunde yanayokaangwa kwa mafuta ya mawese, iliwabidi waandamane ndipo sita wao wakaruhusiwa kuuza kwenye uwanja wa Fonte Nova. Kwa mgeni hili lina maana mbili. Chakula cha jiji lenyewe utakila mbali na uwanja, basi ukile kabla hujapanda treni. Na ndani, njia ya kulipa ni ya mdhamini: Qatar 2022, kadi iliyopokelewa ni ya Visa, ya mtandao mwingine haikufua dafu. Nilisema visa inazaa visa.

Asiye na tiketi naye asijione yatima. Tangu Ujerumani 2006, ambako maeneo rasmi ya mashabiki yalianza na barabara kubwa mbele ya Lango la Brandenburg jijini Berlin ikajaa watu mbele ya skrini, sehemu hizi zimekuwa mashindano ndani ya mashindano. Wapo wanaorudi kwao wakikumbuka Berlin kuliko mechi. Siwashangai.

Limebaki anga, ambalo halina mwenyewe. Mexico City ipo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na ngazi za kupanda kwenda jukwaa la juu zitakukumbusha. Joto la Juni na Julai kwenye miji ya kusini mwa Marekani limefanya FIFA iweke mapumziko ya dakika tatu ya kunywa maji kila kipindi. Lakini kinachovuruga zaidi mipango ya msafiri ni radi. Utaratibu wa viwanja vya Marekani ni kwamba radi ikipiga karibu, mechi inasimama kwa dakika 30, na ikipiga nyingine hesabu inaanza upya. Tarehe 28 Juni 2025 huko Charlotte, kwenye Kombe la Dunia la Klabu, Chelsea na Benfica walisimamishwa zikiwa zimebaki dakika chache, wakangoja karibu saa mbili, wakarudi, Benfica ikasawazisha, zikaongezwa dakika 30. Tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho zilipita saa nne na dakika 38. Saa ya mechi kuisha hakuna anayekuahidi. Mwulize mwenye treni ile ya mwisho inaondoka saa ngapi, na kama huwa inawasubiri watu.